Amplifaya Isiyolegea Maombini

Katika kanisa la Pasta Githaiga kuna sheria ambayo haimo katika Biblia, lakini hakuna aliyewahi kuivunja: maombi yakianza, injini ya pikapu inayolisha spika umeme huzimwa. Haifai Mungu aongeleshwe huku dizeli ikinguruma.

Heshima hiyo ndiyo iliyomwaibisha Mutindi, mwimbaji wa kanisa, kwenye mkutano wa injili kule Salama. Alianza wimbo wa maombi kwa nguvu zote, Nyamai dereva akazima pikapu, umeme wa betri ukashuka, na amplifaya ya zamani ikashuka nao kwa unyenyekevu mkubwa. Spika zikabaki kunong'ona. Wauza maembe wakauliza kama mwimbaji amezirai.

Leo ilikuwa krusedi, mkutano mwingine wa injili wa hadhara, mjini Kambu, na Mutindi alikuwa ameapa: sauti yake ikizama tena, anaacha kuimba.

"Hii mpya hailegei," Nyamai alimwambia, akiigusa amplifaya kama anayebariki mtoto. "Ndani ina kidhibiti cha umeme. Betri ikishuka, yenyewe inavuta zaidi, sauti inabaki palepale."

"Inavuta kutoka wapi, ndugu?"

"Kwa hiyo hiyo betri. Ni mlafi, dada, lakini mwaminifu."

Kyule wa kwaya ya jirani akadakia, "Mutindi, leo tutakusikia ama utatuandikia wimbo kwa barua?"

Pasta akainamisha kichwa. Nyamai akazima injini. Mutindi akafumba macho na kuanza, akingojea ule unyong'onyevu wa Salama. Haukuja. Sauti ilisimama wima, ikavuka barabara ya Mombasa, ikawafikia madereva wa malori waliokuwa wakila nyama. Mmoja akavua kofia, mfupa ungali mdomoni. Besi ikatikisa mabati ya duka la mbegu. Ubeti wa pili vilevile, wa tatu vilevile.

Pasta, akiona mambo ni matamu, akarefusha maombi mpaka akawaombea mbuzi wa Kibwezi. Mutindi akaimba hadi neno la mwisho. Kisha, tap! Kimya. Amplifaya haikunong'ona wala kupunguza. Ilitoa kila ilichokuwa nacho mpaka betri, ambayo nayo si kijana, ikakata roho.

Nyamai akazungusha ufunguo. Pikapu ikajibu "tik".

"Imefia kazini," akasema, akivua kofia.

Kyule alikuwa tayari ameweka bega nyuma ya pikapu. "Dada Mutindi," akasema chini chini, "ule ubeti wa tatu, unaweza kutufundisha?"

"Sukuma kwanza."