Mwezi Mzima Bila Kibao

Noela alifika kwenye kibaraza cha Madam Koku akiwa amechoka zamani. Si uchovu wa kubahatisha. Ni ule wa kusuka watu rasta kutwa nzima, ambao vidole vinaendelea kusuka hata mwenyewe akishakaa. Saluni Tegeta, masomo Tegeta, na usingizi nao, siku atakapoupata, utakuwa Tegeta hiyohiyo.

Kwa Madam Koku walikuja watu waliobwagwa na mitihani ya Kiingereza ya kuingilia vyuo. Sheria ilikuwa ileile ya sekondari: ukiongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni mpaka mwingine ateleze, na anayekutwa nacho mwisho wa kipindi anadeki kibaraza na kuosha vikombe. Kibao chenyewe alikichonga Shomari, mtoto wa mchonga vinyago, akakipa sura ya punda mwenye meno mengi. Na ndiye aliyekivaa kuliko wote.

Noela hajawahi kukivaa. Mwezi mzima!

"Mtazameni mwenzenu," Madam Koku alipenda kuwaambia wenziwe kwa Kiingereza chake cha kunyoosha.

Mwenzao alijaza mazoezi ya sarufi, akakariri misamiati ya wodini, mdomo kaufunga kama geti la tajiri wa Mbezi Beach. Nguvu za kudeki angezitoa wapi?

Karatasi ya chuo cha uuguzi alishaifaulu mara mbili. Usaili wa kuongea ndio uliomrudisha nyumbani, mara zote mbili. Jumatatu ni mara ya tatu, na chuo kilishamwambia ya nne haipo.

Mara Shomari akaingia, anacheka mpaka gego la mwisho.

"Jamani, nimepita! Usaili wa chuo cha utalii, nimepita!"

Madam Koku hakumpa hongera. Alimvalisha kibao kwanza.

"Wewe?" ikamtoka Noela. "Wewe na punda wako huyo?"

Kibaraza kizima kikageuka. Madam Koku akakivua kibao kwa Shomari, akakitundika shingoni kwa Noela taratibu, kama anayemvisha medali.

Kipindi kilipokwisha Noela akadeki. Shomari alibaki kumsaidia vikombe, na kwa kuwa sheria ilishalala, akaongea anavyotaka.

"Sista, nikwambie ukweli? Mie Kiingereza changu kibovu, ila kinatembea. Nikikosea navalishwa, naendelea. Wewe chako kizuri, lakini kimelala. Hujavaa kibao kwa sababu hujafungua mdomo."

"Kimechoka, Shomari. Hakijalala."

"Basi si uwaambie hivyohivyo kwenye usaili?"

Noela alitaka kumrushia tambara la kudekia. Mkono ukakataa kunyanyuka.

Jumatatu watahiniwa wote wa mbele yake waliulizwa hali zao, na wote, kupitia mlango ulioachwa wazi, walisikika wakijibu kwa Kiingereza kimoja kwamba ni wazima, asante. Zamu ya Noela ikafika. Mezani walikuwa watatu. Wa katikati, mama wa miwani, akamwuliza hali.

Kama mwaka jana, vidole vikaanza kusuka upindo wa sketi.

Kisha akajibu, kwa Kiingereza, kwamba si mzima. Amechoka.

Mama wa miwani akainua uso. Akataka kujua amechoshwa na nini.

Noela akamwambia. Kusimama kutwa. Wateja wanaosinzia, unashika kichwa kwa mkono huu unasuka kwa ule. Bibi mmoja aliyetoka hospitali, ambaye ukivuta unywele analia, basi ukamsuka polepole huku unamwongelesha mpaka akasahau. Alikosea vitenzi vya wakati uliopita, akakosea tena, akauruka, akaendelea.

"Wodini utachoka zaidi," mama akamwambia.

"Nimeshaanza mazoezi," akajibu Noela kwa Kiingereza hichohicho, na mezani wakacheka.

Walimwambia apite dirisha la pili akachukue barua ya kujiunga. Na viatu, mama akaongeza, anunue vya chini.

Jioni hiyo, kwa Madam Koku, aliyasimulia yote kwa Kiswahili, kwa sauti, mpaka na ya viatu. Madam Koku akanyanyuka na kibao mkononi. Noela akainamisha shingo mwenyewe kukipokea, akaegemea ukuta, na kabla hongera hazijaisha akawa ameshalala, punda kamlalia kifuani na meno yake yote.

Vikombe akaosha Shomari.