Mshono wa Begani

"Fumua hapa begani," Mwenyekiti aliniambia, akilionyesha gauni kwa kidole bila kuligusa. "Si sana. Kiasi ngozi ionekane."

Alikuwa na peremende ya mnanaa mdomoni, akiihamisha kutoka shavu hili hadi lile. Mpaka leo siivumilii harufu ya mnanaa.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka ile, kila Jumamosi nilifunga kibanda changu nikaenda kujitolea kwenye nyumba ya vijana, vyumba vitatu nyuma ya karakana ya seremala, kuwafundisha kushona wasichana ambao mitaa ilikuwa imeshaanza kuwatafuna. Aliyevaa gauni lile tulimwita Mkasi, maana ulimi wake ulikukata kabla hujamaliza salamu. Alikuwa na miaka kumi na sita. Seremala ndiye aliyemleta, baada ya kumkamata akipora mkoba. Badala ya kumpeleka polisi, akamwingiza kwetu. Miezi mitatu aliipa cherehani mgongo. Siku moja akasogeza kigoda, akaniuliza kwa nini uzi wangu haukatiki. Tukaanzia hapo.

Gauni la bluu lilikuwa kazi yake ya kwanza, tangu kupima hadi vifungo. Upindo aliufumua mara nne. Mimi nasema umetosha, yeye anasema bado umepinda. Alilimaliza wiki ile ile tulipoambiwa wanakuja wageni wa kuamua kama nyumba iendelee au ifungwe. Akalivaa ili walione.

Mwenyekiti wa kamati ya nyumba alipomwona aliguna. Akanivuta pembeni, akanieleza kwa upole kwamba binti amependeza mno, kama aendaye harusini, na mtu aliyependeza hahurumiwi. Akanikumbusha kwamba vijana ishirini waliitegemea nyumba ile. Nilitaka warudi kulala stendi kwa ajili ya bega moja?

Ningeweza kukataa. Hilo linanichefua kuliko peremende yake. Nilichukua wembe.

Mkasi alikuwa amesikia yote. Hakunikata kwa ulimi. Aliuliza tu, "Mama Fundi, nivue, au utafumua nikiwa nimelivaa?"

"Simama hivyo hivyo," nikasema.

Mshono wake ulikuwa imara. Ilinibidi nirudie mara mbili. Pale wembe ulipopita, ngozi ilimsisimka kama ya mtu aliyemwagiwa maji baridi.

Wageni walikaa mbele. Mkasi akasimulia, kwa maneno aliyokaririshwa, jinsi alivyolala juu ya maboksi na nani alimpiga. Mwenyekiti alimwekea kiganja kwenye bega lile lililo wazi, akakiacha hapo mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa majonzi. Mama mmoja alifuta machozi. Picha zikapigwa. Nami nikapiga makofi. Naam, kwa viganja hivi hivi. Kisha nikaenda kutapika nyuma ya karakana, juu ya vumbi la mbao, na hata matapishi yale yalinitia kinyaa, maana nilihisi najaribu kujitakasa kwa njia ya mkato.

Nyumba haikufungwa. Mkasi hakurudi.

Jumamosi ya tatu nilimfuata kwa shangazi yake aliyempa mahali pa kulala, mama wa kazi za zamu ambaye hatukuwahi kuonana. Nilibeba uzi wa bluu. Mkasi alikuwa uani akianua nguo. Alinipa kiti, akaniletea maji, kama ambavyo angempa mgeni yeyote. Nikamwambia nimekuja kurekebisha. Akaingia ndani, akatoka na gauni, akaniwekea mapajani.

Alikuwa ameshalishona. Nilipapasa bega kwa vidole vya miaka thelathini ya ufundi, nikitafuta nilipopitisha wembe, nisipapate.

Nilianza kuomba radhi. Kabla sijamaliza, shangazi aliingia kutoka kazini, akanisalimu kwa bashasha, akamuuliza Mkasi mgeni ni nani.

Mkasi alilichukua gauni, akalikunja taratibu.

"Amepotea njia, shangazi," akasema. "Aliomba maji."

Shangazi alinionea huruma. Alinisindikiza mpaka barabarani licha ya uchovu wake, akanielekeza: kushoto penye duka la vyuma, kisha moja kwa moja. Akarudia tena, polepole, nisije nikapotea mara ya pili. Nikamshukuru.