Kamba ya Upande wa Warumi

Siku moja kabla ya kuzikwa Babu Erskine, kadi za kamba zilifika nyumbani kwa akina Pettigrew, na katika zote nane hapakuwa na jina la Rhona.

Zilikuwa kadi ndogo nyeupe, zenye mchoro wa jeneza lililotazamwa kutoka juu na nambari zimezunguka kingo zake. Kila kadi ilimwelekeza mwenyewe asimame wapi na ashike kamba ipi, kwa maana pale mjini Drumlachie maiti huteremshwa kaburini na watu wake mwenyewe. Kamba ya kwanza, ya kichwani, ni ya mtoto mkubwa wa kiume. Ya pili ni ya miguuni. Kuanzia hapo ukoo mzima hupangwa kwa heshima, na wapo watu waliopewa nambari saba walipotarajia nambari tano, wakaingia kaburini hawajasemeshana tena na ndugu zao.

"Baba, yangu iko wapi?" Rhona aliuliza.

Gavin Pettigrew alikuwa ameinamia droo, anatafuta tai nyeusi. "Yako nini?"

"Kamba."

"Wasichana hawashiki kamba kwetu."

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Ndivyo ilivyo."

"Binamu Fraser amepewa. Fraser alimwona Babu mara mbili tu maishani, na mara moja kati ya hizo Fraser alikuwa usingizini."

"Fraser ni mwanamume."

"Tuna ushahidi?"

"Rhona."

Jina lake likitamkwa hivyo, mazungumzo yamefungwa. Rhona akakaa kitini, akainuka, akakaa kwenye ngazi, akainuka tena. Alikuwa na umri wa miaka kumi na sita, amerudi jana tu kutoka shule ya bweni, ambako wanafunzi wa kidato cha kwanza bado wanaisalimu kwa heshima picha ya mwalimu mkuu wa zamani, kwa sababu Rhona aliwaambia ndiyo sheria. Ufundi huo hakuuokota barabarani. Alifunzwa na Babu.

Kila Jumamosi ya likizo, wawili hao walikuwa wakienda makaburini na brashi na ndoo, kusugua kuvu kwenye mawe ya watu wa zamani na kufagia majani juu ya mawe ya ukuta wa kale wa Warumi. Mgeni akipita, Babu alivua kofia na kumwonyesha mahali alipozikwa jemadari wa Kirumi aliyeuawa na mafua. Hapakuwa na jemadari wala mafua. Wageni waliandika yote kwenye simu zao, wakashukuru. Sasa Babu mwenyewe alikuwa anazikwa, na Fraser ndiye angemteremsha.

Nyumba ikawa ndogo. Rhona alichukua koti akaenda huko huko makaburini.

Makaburi ya Drumlachie yako katikati ya nyumba za watu wenye bustani nadhifu, na hata wafu wake wana majivuno. Yupo mtengenezaji wa injini za meli chini ya malaika mwenye pua iliyovunjika. Yupo mfanyabiashara wa chai chini ya nguzo ndefu kuliko nyumba yake ya kwanza. Yupo mchezaji mpira aliyewekewa mpira wa jiwe, ambao watoto wote wa mtaa wamewahi kuupiga teke na kujuta. Na katikati yao, kwenye majani, unapita ukanda wa mawe ya kijivu, msingi wa ukuta ambao Warumi waliujenga walipochoka kwenda kaskazini. Ukanda huo unapita kwa mshazari, unakata pembe ya kaburi la akina Pettigrew. Yeyote atakayeshika kamba ya nne hana budi kusimama juu yake.

Kamba ya nne ilikuwa ya Dougal, ndugu yake Gavin. Dougal alikuwa baba mdogo kwa kuzaliwa tu. Kwa mengine yote alikuwa mkubwa kupita kiasi.

Bwana Haddow, mtunza makaburi, alikuwa anatandika kitambaa cha kijani kuzunguka shimo.

"Pole, binti yangu," alisema. "Babu yako alinisumbua miaka mingi. Sijui sasa nitasumbuliwa na nani."

"Asante, Bwana Haddow. Mimi nayasikitikia mawe."

"Mawe yana nini?"

Rhona akashusha pumzi, ile pumzi ya huzuni aliyojifunza katika ibada za shule. "Kesho. Baba mdogo Dougal atasimama pale. Unamkumbuka? Yule aliyeketi kwenye benchi la kanisa siku ya arusi, benchi likavunjika."

Haddow aliyatazama mawe, kisha akautazama uwazi juu ya mawe ambapo Dougal angekuwa. Uso wake ulikuwa unapiga hesabu.

Rhona alirudi nyumbani karibu anaruka. Dougal angekatazwa, kamba ya nne ingebaki yatima, na ukoo ungelazimika kutafuta mtu mwepesi. Mpango haukuwa na kasoro, ila kwamba Haddow hakuwa mtu wa kusimamia mpango wa mwingine.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu asubuhi, ile nyembamba inayoingia shingoni. Mchungaji alimaliza sala. Wanaume wanane walikuwa wamepanga mstari na kadi zao, Rhona nyuma yao akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Ndipo Haddow alipomnong'oneza Bi. Liddell, mwenye kampuni ya mazishi, na Bi. Liddell akamwendea Gavin.

"Bwana Gavin, samahani sana. Mtunzaji anasema mtu asisimame juu ya mawe yale. Bila kamba ya nne jeneza litalala upande, siwezi kukubali. Vijana wangu watamteremsha kwa mikanda, wakisimama mbali na mawe."

"Na sisi?"

"Ninyi mtasimama nyuma kidogo."

"Nimepanda treni kutoka Aberdeen nije kusimama nyuma?" Dougal aliuliza.

"Samahani sana," alisema Bi. Liddell, na akaanza kukusanya kadi kama mwalimu anayekusanya karatasi za mtihani. Fraser alitoa yake upesi. Gavin hakutoa. Aliikunja mara moja, akaikunja tena, akaendelea kuikunja mpaka haikukunjika zaidi, macho yake yakiwa kwenye jeneza la baba yake.

Rhona alitaka kamba moja, naye alikuwa amezipoteza zote, pamoja na ya baba yake. Hakuweza kusimama tuli. Akapenya katikati ya makoti.

"Bwana Haddow, tatizo ni mawe au ni watu?"

"Mawe. Barafu ya mwaka jana iliyalegeza. Mtu mzito akikandamiza kisigino hapo, yanahama."

"Tukiweka mbao?"

"Mbao itateleza, na itakandamiza palepale."

"Na mtu mwepesi? Asiye na kisigino?"

"Sijasema hivyo."

"Hujasema hapana pia." Alikuwa ameshainama, anavua viatu. Maji yakaingia kwenye soksi zake nyeusi. "Jiwe hili hapa halitikisiki, na lile la bapa. Nimeyafagia tangu nikiwa mdogo. Ligonge uone."

Haddow alipiga goti. Akalisukuma jiwe la kwanza kwa kiganja, akalisukuma la bapa, akachukua muda wake wote huku ukoo mzima ukilowa.

"Hayo mawili," alisema mwishowe. "Mguu usihame hata kidogo."

"Hiyo ni kamba yangu," alisema Dougal.

"Baba mdogo, ukisimama pale tutazika wawili."

Mtu fulani nyuma alikohoa kikohozi chenye kicheko ndani. Dougal alimtazama kaka yake, akaitazama ile kadi iliyokunjwa mkononi mwake. Kisha akampa Rhona kadi yake mwenyewe, akaokota viatu vya msichana vilivyolowa, akavibana kwapani.

Bi. Liddell akarudisha kadi zingine. Gavin alipokuwa akipita kwenda kichwani, alisimama karibu na sikio la binti yake.

"Nani alimwambia Haddow habari za Dougal?"

"Mimi."

"Ili upate kamba."

"Ndiyo."

"Tutaongea."

"Najua."

Gavin akakunjua kiganja chake. "Usiizungushe kidoleni. Iache ipite kiganjani, polepole, na unitazame mimi."

Rhona akapanda juu ya Warumi. Jiwe lilikuwa baridi mpaka kwenye mifupa. Kamba ilipokaza alishtuka, maana alimjua Babu kuwa mzee mkavu ambaye upepo wa Machi ulimsogeza, na sasa alikuwa mzito sana, mzito kama mtu anayekataa kuondoka. Siku zote hizo miguu yake haikupata kutulia mahali, na sasa ilitulia kwa sababu ilikuwa imeamriwa. Alimtazama baba yake. Baba yake akaachia kidogo, naye akaachia kidogo. Kamba ikapita kiganjani, ikiunguza, mpaka ghafla ikalegea na hapakuwa na uzito tena upande wa pili.

Bi. Liddell akainamisha kichwa. Hiyo ndiyo ishara ya kuachia. Kamba saba zikaanguka juu ya jeneza, moja moja, kwa sauti ndogo.

Ya Rhona haikuanguka.

"Rhona," Fraser alinong'ona. "Unaachia sasa."

Alijua. Vidole ndivyo vilivyokuwa havijui. Haddow, aliyechuchumaa karibu na miguu yake kulinda mawe, aliinua macho akayateremsha tena. Bi. Liddell akapiga hatua mbele.

"Mwache," alisema Gavin.

Basi wakamngoja, mchungaji na kitabu chake, Dougal na viatu kwapani, mvua ikiendelea. Hakuna aliyekohoa tena.