Ng'ombe wa Karatasi Kwenye Kizuizi cha Dundori

Mwaka ambao ugonjwa wa miguu na midomo ulizuia ng'ombe kushuka kutoka Dundori, Krismasi ilikaribia Nekoye akimalizia wanyama wa zizi la Bethlehemu walioagizwa na kanisa. Mumewe alikamua ng'ombe kwenye shamba la mzungu, na magazeti ya mzungu huyo, yakishasomwa, yaliishia kwa Nekoye. Aliyaloweka, akayatwanga kwenye kinu, akachanganya na uji wa ngano, akafinyanga ng'ombe, kondoo, punda na ngamia, kila mmoja wa kutosha kiganjani. Walipokauka juu ya mabati aliwapiga msasa mpaka migongo ikateleza, kisha akawapaka chokaa ili karatasi isinywe rangi. Rangi yenyewe ilikuwa mjini Nakuru, kwa rafiki yake Truphosa, ambaye mumewe aliandika mabango ya maduka. Basi akawapanga kikapuni, akashuka kwa miguu.

Kwenye kizuizi, askari wa mifugo aliyeitwa Kosgei alifunua kikapu, akatazama, akafunika tena polepole.

"Mama, una kibali cha kushusha ng'ombe?"

"Hawa ni karatasi, afande."

"Nimeona ni karatasi. Nimeuliza kibali."

Nekoye akacheka. Kosgei hakucheka. Alikuwa mtu mpole asiyependa kumwonea yeyote, lakini aliambiwa ng'ombe asipite, na hakuna aliyemwambia ng'ombe wa nini. Akawapanga juu ya benchi, akaanza kukagua. Punda alimruhusu mara moja, maana punda hapati ugonjwa ule. Ngamia alimshika kwa muda, akimbonyeza nundu.

"Huyu amevimba."

"Ndivyo alivyo. Ni ngamia."

"Alianza lini?"

Wamaitha, mama wa viazi aliyekuwa akingoja nyuma na gunia lake, akashauri wanyama waogeshwe tu, mambo yaishe. Kosgei akaona ni busara, akaelekea kwenye josho la dawa kando ya barabara na ng'ombe wawili mkononi. Nekoye akamvuta shati.

"Maji yakiwagusa watakuwa uji!"

"Basi nionyeshe midomo yao."

"Sijawachora midomo. Rangi iko Nakuru."

Kosgei akawageuza ng'ombe, akawatazama nyuso, na Nekoye akaona hapo kuna upenyo. "Afande, mnyama asiye na mdomo ataugua mdomo gani?"

Askari alifikiri kwa haki kabisa. "Kweli. Kwa midomo nimekubali. Lakini miguu wanayo."

Nekoye alikaa chini kando ya barabara, akatoa msasa wake kikapuni, akaanza kusugua miguu ya ng'ombe wa kwanza huku machozi yakimtoka. Kosgei alimtazama, akaona vibaya. Akaweka kofia chini, akaomba kipande cha msasa, akachukua kondoo.

"Taratibu hapo tumboni," Nekoye akamwambia kwa hasira.

"Niko taratibu, mama."

Wamaitha naye akamshika ngamia asiteleze. Miguu ikaisha kidogo kidogo, unga mweupe ukiwajaa magotini. Kosgei akakagua mara ya mwisho, akainua mti wa kizuizi.

"Na huyu wa uvimbe," akasema, "apumzishwe."

Truphosa alipofunua kikapu alishtuka. "Miguu iko wapi?"

"Imebaki kizuizini."

Truphosa alicheka mpaka akashika meza, na hapo ndipo Nekoye naye alipocheka. Wakapaka chokaa upya pale palipochubuka, wakangoja ikauke, wakatia rangi: kahawia, nyeusi, na midomo mikubwa myekundu ambayo Nekoye aliichora kwa makusudi.

Siku ya Krismasi wanyama walilala kwenye nyasi kumzunguka mtoto. Mchungaji aliinama, akawatazama sana, akageukia waumini akasema hajawahi kuona mifugo yenye heshima namna ile, iliyopiga magoti mbele ya Bwana. Watu wakampigia Nekoye makofi. Alisimama, akainamisha kichwa. Alikuwa akimtazama punda, aliyesimama peke yake katikati ya wenzake kama mtu asiye na adabu, na Nekoye alijuta kwamba huyo naye hakumsugua miguu.