Nyangumi na Gurudumu la Mbele

Ukitaka kumjua Murray Hartigan, usimtazame usoni. Tazama anachokishika kwanza pikipiki ikisimama. Hashiki kiuno chake kinachomuuma, hashiki chupa ya maji, wala hashiki mkono wa mkewe aliyekaa nyuma yake kutoka mjini kwao Whyalla mpaka Kimba. Anavua glavu, anachuchumaa, anabandika kiganja kwenye tairi kama mama anayempima mtoto homa. Akiisha kuridhika na joto lake ndipo anapomkumbuka Glenda na kumwuliza kama yu mzima.

Glenda alimzoea tangu nywele zake zilipokuwa bado nyekundu. Msimu mzima wa baridi uliopita ulikwenda kwenye kuchagua matairi. Tairi gumu hudumu, lakini mvua ikinyesha huteleza. Tairi laini hushika barabara, lakini huisha upesi. Na kwa jinsi barabara za kwao zilivyonyooka, tairi la nyuma hulika katikati tu, likawa bapa kama kisigino cha ndala kuukuu, kisha ukifika kwenye kona pikipiki inagoma kulala. Mwishowe Murray alichukua lile lililo gumu katikati na laini pembeni, na jina lake lilitajwa mezani mara nyingi kuliko majina ya wajukuu.

Haya yote Glenda angeyavumilia kama yangemfikisha kwa nyangumi. Kila mwaka nyangumi majike hupanda kutoka kusini wakaja kuzalia kwenye ghuba, chini kabisa ya majabali, na kila mwaka Glenda alitaka kwenda kuwaona. Mwaka mmoja waligeuzia Kimba kwa sababu Murray aligundua kwamba tairi amelivisha kinyume, mshale wake wa kuonyesha upande wa kuzunguka unatazama nyuma. Mwaka mwingine walipata pancha wakalala Wudinna, wakarudi. Mwaka uliofuata hawakutoka hata getini, kwa kuwa bwana alibadili mawazo kuhusu tairi la mbele.

Safari hii hapakuwa na mwaka mwingine. Ugonjwa ulikuwa unamla Glenda macho kuanzia katikati, kiasi kwamba ili auone uso wa mtu ilimbidi atazame sikio lake. Daktari wa Adelaide alimwambia bila kuzunguka kwamba nyangumi wakirudi mwakani, yeye hatawaona. Basi akamwambia Murray: twende sasa, wachache waliobaki wangali karibu na ukingo, na tukirudi tunauza pikipiki, maana sitaki kubebwa barabarani kama gunia. Murray alisema sawa. Kisha akaenda bandani na hakutoka mpaka chai ilipopoa.

Na sasa walikuwa wamekwama Ceduna, wikiendi ya sikukuu ya chaza, mji umejaa watu na magamba, na Murray amelala kifudifudi kwenye kambi ya mahema akilitazama gurudumu la mbele.

Alikuwa ameamka Jumamosi akatangaza kwamba kirisasi kimedondoka. Alisema vile vipande vidogo vya risasi vinavyobandikwa kwenye rimu kusawazisha gurudumu, kimoja hakipo, na alama ya gundi hii hapa. Gurudumu la namna hiyo ukilipeleka kasi linatetemeka, usukani unacheza, na yeye hawezi kumpakia mke wake juu ya kitu kama hicho. Fundi wa matairi alipopigiwa simu alijibu kwa kelele za bendi nyuma yake kwamba duka litafunguliwa Jumanne. Risasi za akiba zilikuwa nyumbani, bandani.

Glenda alishauri waende taratibu. Murray akasema malori ya njia ile hayamjui mtu anayekwenda taratibu. Glenda akazunguka kambi nzima akitafuta lifti, lakini kila gari lilikuwa limekuja kula chaza na halikuwa na haja na nyangumi. Jumapili akapiga simu kule ghubani, na Verna, mwanamke wa Yalata, mwenyeji wa pwani ile, anayeshughulikia wageni wa nyangumi, akamwambia amebaki mama mmoja na mwanawe, wako chini ya jabali kabisa, ukitema mate yanawafikia. "Njoo upesi, shangazi," alisema. "Huyu mama ana dalili za kuondoka."

Glenda alirudi akampa Murray habari hiyo. Murray akaomboleza naye, akamletea pai ya nyama, kisha akapima upepo wa tairi ambalo halikuwa likienda popote. Hasira ilimjaa Glenda, akaisukuma pai kando. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumia lilikuwa lake peke yake.

Jumatatu asubuhi, kwa kukosa la kufanya, alichukua nguo chafu akaenda kwenye mashine za kufulia. Macho yake hayakufaa tena kukagua mifuko, lakini vidole vilikuwa vizima. Kwenye suruali ya Murray vikakutana na kitu kidogo, kizito, cha mraba. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hawakujua kwamba siku moja kingekuwa kwenye mfuko wa suruali ya kazi.

Alikigeuza mkononi. Gundi yake ilikuwa laini, haina hata chembe ya vumbi. Kwa miaka yote ya kusikiliza mahubiri ya Murray, Glenda alijua kirisasi kikibanduka njiani kinarukia porini na hakionwi tena na binadamu. Hiki hakikuruka. Hiki kilibanduliwa kwa ukucha.

Alimkuta Murray ameketi kwenye kreti, anasugua spana iliyokwisha kung'aa. Akamfungulia kiganja mbele ya pua.

Murray alikitazama kile kirisasi, akatazama chini. Hakujitetea, na hilo lilimuudhi Glenda kuliko uongo.

"Nilidhani ni bahati mbaya," Glenda alisema. "Nimekaa hapa nikilaani fundi wa watu na chaza zake. Kumbe ni wewe."

"Ulisema tukirudi tunauza."

"Nilisema."

"Basi tukifika kule, imekwisha. Nilitaka tu tusifike haraka." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi nitakaa na nani, Glenda? Nyumbani unakaa na redio. Barabarani ndipo unakaa na mimi."

Ilikuwa kweli, na kwa wakati mwingine ingemlainisha. Lakini macho yalikuwa yake, na siku zilizoliwa zilikuwa zake. Akamwambia anyanyuke, alifungue hilo gurudumu sasa hivi, na akitaka kulia alie huku anafanya kazi.

Murray alilifungua. Akalaza ekseli juu ya migongo ya viti viwili, gurudumu likaning'inia katikati, akaifuta rimu kwa petroli na kukirudisha kirisasi mahali pake. Akasema tayari. Glenda hakumwamini, alimsukuma kando akalizungusha mwenyewe. Gurudumu lenye upande mzito hurudisha upande huo chini kila mara. Hili lilisimama lilipotaka, valvu juu, mara nyingine valvu pembeni. Kazi yote ilikwisha kabla mashine ya kufulia haijasimama.

Walipita Penong, wakapita Nundroo, na usukani haukutikisika hata kidogo. Siku zote Glenda humshika Murray kiuno. Siku hiyo alishika chuma cha nyuma. Waliposimama kujaza mafuta Murray hakuchuchumaa kwenye tairi. Alimgeukia akamwuliza kama yu mzima, naye Glenda akakaza mkanda wa kofia yake akapanda.

Verna aliwapokea mlangoni. Hakuwazungusha. Mama nyangumi alikaa na mwanawe mpaka asubuhi ile, akamnyonyesha, kisha wakageuka. Sasa wako mbali, wanaelekea kusini. Wao wawili wakikimbia mpaka mwisho wa ngazi, huenda wakawaona.

Glenda alitembea kwa kupapasa reli mpaka jukwaa la mwisho. Chini ya jabali, pale ambapo hata yeye angeona, maji yalikuwa matupu. Mbele zaidi ulikuwa mng'ao mweupe tu. Alitazama pembeni yake, juu yake, chini yake, kwa kila hila aliyojifunza, na hakuna kitu kilichotoka.

"Wapo," Murray alisema. "Kule, kwenye mstari wa mbali."

"Sioni."

Murray akamshika bega amwelekeze, halafu akaona upuuzi wa kufanya hivyo.

"Basi niambie," alisema Glenda. "Umeongea juu ya tairi moja kutoka Whyalla mpaka hapa. Niambie na hili."

Murray alilamba midomo.

"Mweusi," alianza. "Ana... mgongo wake hauna mistari. Kipara kabisa. Lakini amejaa, hajalegea popote."

Glenda alitaka kucheka, akajichukia kwa kutaka.

"Na mtoto?"

"Yuko ubavuni kwa mama. Amejibana. Mama akilalia upande huu, naye analala. Akiinuka, naye." Murray akaegemea reli. "Hamsumbui mama yake hata kidogo. Kama wewe kwenye kona."

Upepo wa kusini ulikuwa mkali, na Glenda alijifunga koti vizuri.

"Jumamosi ningemwona mwenyewe, Murray."

"Najua."

"Walikuwa hapa chini."

"Najua."

Hakumsamehe, wala Murray hakuomba. "Sasa wamezama," alisema. Baada ya muda akasema, "Bado." Kisha akasema kuna povu, halafu kwamba ni wimbi tu, halafu kwamba kuna ndege mmoja anaruka chini. Glenda hakumkataza. Murray aliendelea kumwambia kila kitu, hata pale ambapo hapakuwa na kitu, mpaka Verna alipokuja kufunga geti.