Kitanda Namba Kumi na Nne

Nyumba zipo, tusidanganyane. Nimezikanyaga mwenyewe kule mtaa wa Mesaimeer, katika mji huu wa Waarabu tulikokuja kutafuta kazi: ngazi safi, vyumba viwili, kodi nusu ya ile wanayoitisha mtaa wa Al Sadd. Kampuni yenye mkono wa serikali ilizijengea familia za mishahara midogo. Mwaka 2013 Japheth, msimamizi wa madereva katika kampuni yetu ya mabasi, alikuwa ametimiza kila sharti isipokuwa moja. Hilo moja ndilo limenifanya niandike.

Alikuwa anaishi Abu Hamour na mkewe Cherotich na binti yao wa miaka mitatu, kwenye nyumba iliyokatwakatwa kwa mbao ikabeba familia tisa. Wakaguzi wakabandika karatasi mlangoni: siku kumi, kila mtu nje. Na bila mkataba halali wa nyumba, kibali cha Cherotich cha kuishi nchini hakingeongezwa. Ni nyumba ama ndege.

Nilienda nao hadi dirisha la maombi la kampuni ya zile nyumba. Karani, Msudani mpole, akapekua cheti cha ndoa na mihuri yake, akasoma barua ya mshahara, halafu akatazama kompyuta.

"Ndugu, wewe mwajiri wako amekupa makazi. Chumba cha sita, kitanda namba kumi na nne. Mwenye makazi ya mwajiri hastahili."

"Kitanda gani? Sijalala kambi ya kampuni hata siku moja!"

"Hapa umetia sahihi."

Japheth akanigeukia. Sahihi ile niliijua mimi.

Mwaka 2009 kampuni ilikuwa inalaza madereva wawili kitanda kimoja kwa zamu. Huyu akiamka, yule anaingia kwenye joto lake. Niliandika malalamiko, nikazunguka nayo basi hadi basi: kila dereva na kitanda chake, jina lake, sahihi yake. "Hata nyinyi wenye familia tieni," niliwaambia, "tuwe wengi." Wakatia sabini na mmoja, Japheth akiwemo. Tukashinda: kampuni ikaifanya orodha yetu daftari la vitanda. Nilitembea kifua mbele mwezi mzima.

Basi tukamwendea afisa wa wafanyakazi afute jina.

"Nikifuta, wakaguzi wa kambi nitawaambia kitanda ni cha nani?" akasema. "Si mlitaka kila mtu na chake? Njenga, si wewe uliniletea ile karatasi? Ama umesahau, kiongozi?" Akacheka mpaka akakohoa.

Sijasahau. Sisahau kitu mimi. Hata kicheko hicho nimekiweka.

Siku ya tisa nilimkuta Cherotich anafunga sanduku kwa kamba. Nikaanza kumweleza kwamba tutaandika upya, tutapeleka mbele, hawawezi kututenda hivi.

"Shemeji," akasema, bila kuinua kichwa, "sema pole tu. Hotuba peleka kwa wenye vitanda."

Nikasema pole. Mtoto akaniuliza kama ndege ina choo.

Cherotich na mtoto walipokwisha kuruka, nilimsindikiza Japheth kambini na begi lake. Chumba cha sita tulikipata upesi. Kitanda namba kumi na nne kilikuwa na mtu, Mnepali wa zamu ya usiku, amelala kifudifudi na viatu vyake chini ya mto.

"Huyu ni nani?" nikamuuliza dereva wa kitanda cha pili.

"Huyo? Yuko hapo tangu 2010. Mwenyewe hajawahi kuonekana."

Japheth akaweka begi sakafuni, akalikalia, akangoja aamke.