Kabati la Kinako

Tomoe Kuramochi alimwaga mchanga wa choo cha mnyama, akafungua madirisha yote harufu itoke. Wakaguzi wa ving'ora vya moto walisema watapita asubuhi. Sasa jua lilikuwa limevuka utosi, na ndiyo kwanza walikuwa ghorofa ya chini.

Ndani ya kabati la magodoro, juu ya sweta kuukuu, alilala Kinako: fereti, kijinyama kirefu chembamba mfano wa nguchiro. Sukari ya damu yake ilikuwa ikishuka ovyo. Asipopata uji wa nyama kila baada ya saa chache, huanguka. Na katika jengo hili wanyama ni marufuku, ukikamatwa, unahama. Nani angempangisha mfagiaji wa hospitali anayekaribia sitini, asiye na ndugu wa kumdhamini?

Alikuwa ameshika bakuli la uji kengele ilipolia. Akaliweka juu ya friji, akafungua mlango.

"Samahani kwa kuchelewa, Bi Kuramochi," alisema Sakuma, msimamizi wa jengo, akivua viatu. Fundi alimfuata na fimbo yake ndefu ya kujaribia ving'ora. King'ora cha sebuleni kikapiga kelele, cha jikoni pia.

"Bado cha kabatini," fundi akasema.

"Baba, humo mmejaa matambara. Mtanitia aibu."

Fundi akamtazama Sakuma. Sakuma akapunga mkono. "Haya, tukiache. Huyu hana matata."

Fundi akatoka. Tomoe akashusha pumzi. Lakini Sakuma aliketi mlangoni kuvaa viatu, akaanza kulalamikia wapangaji wasiotenganisha takataka. "Chupa na maganda mfuko mmoja! Wamelelewa wapi hawa?"

Kabatini kukasikika kukwaruza. Tomoe aliujua mkwaruzo huo: Kinako anajiparura mdomo, mate yanamtoka. Kisha ukakoma. Huo ukimya ndio uliomvunja moyo.

Akauvuta mlango wa kabati.

Kinako alikuwa amelegea, macho wazi, hayaoni. Tomoe alichukua kichupa cha asali alichokiweka humo kwa dharura, akachovya kidole, akampaka kwenye fizi, kidogo kidogo asipaliwe.

"Bi Kuramochi! Nini hicho?"

"Mgonjwa."

Sakuma alisimama, kiatu kimoja mguuni. Akapunguza sauti. "Sikiliza. Mimi sijaona kitu. Funga hilo kabati, ungoje. Kikifa, hakuna kesi, nawe unabaki na nyumba yako. Nakutakia mema, dada yangu."

Pengine alimtakia mema kweli. Hilo ndilo lililomchoma Tomoe zaidi.

"Nipe hilo bakuli juu ya friji," akasema. "Asali peke yake haitoshi. Itampandisha sukari, kisha imwangushe vibaya zaidi. Lazima ale nyama."

"Unanielewa lakini? Nikiandika ripoti, mwezi ujao huna pa kulala."

"Bakuli, Bwana Sakuma."

Akampa. Ulimi wa Kinako ukatoka, ukalamba mara moja, ukapumzika, ukalamba tena. Tomoe akalia bila kujificha.

Sakuma alikuwa tayari ametoa kalamu.

"Na mwite fundi arudi," Tomoe akamwambia, bila kuinua uso. "Kabati liko wazi sasa. Amalize kazi yake."